Eksesi: Fungu la Mwenye Gari Katika Bima



Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, jirani yangu alibisha mlango akiwa na bahasha mkononi na uso uliojaa ghadhabu. Ni mjane, mwalimu wa chekechea asubuhi na wa madrasa jioni, mama wa watoto wanne. Gari lake dogo jeupe analijua kila mtu wa mtaa wetu. Alilinunua kwa akiba ya miaka mingi, na kila mwaka hulikatia bima kamili, ile wengi waiitayo komprehensivu, kwa kuwa huamini kwamba mtu asiye na mume wa kumkimbilia hana budi kuwa na pa kukimbilia.

"Dada, nimeibiwa," akaniambia hata kabla hajaketi. "Nimelipa bima mwaka mzima, na sasa kampuni yaniambia nitoe shilingi 37,500 kutoka mfukoni mwangu. Basi bima ni ya nini?"

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 21 aliyepata leseni miezi minane nyuma, alikwenda kumchukua dadake kituo cha basi cha Mwembe Tayari. Alipofika Saba Saba mvua ilikuwa ikinyesha, tuktuk iliyokuwa mbele yake ikasimama ghafula, naye akaigonga kwa nyuma. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Lakini bampa la mbele la gari lilipasuka, taa moja ikavunjika na boneti ikapinda, na tuktuk nayo ikabonyea nyuma. Gereji ilikadiria matengenezo ya gari kuwa shilingi 62,000, na ya tuktuk 18,000. Jumla ni shilingi 80,000. Mama mtu hakutikisika, akisema bima ipo. Kisha ikaja barua: katika 80,000 zile, kampuni ingelipa 42,500 na yeye 37,500. Fedha alizokuwa nazo ni karo ya binti yake wa kidato cha tatu, na shule hufunguliwa baada ya wiki mbili.

Kilichonishtua zaidi ni jambo jingine. Katika simu yake alikuwa ameshaandika ujumbe mrefu wa kupeleka katika kundi la kina mama wa mtaa, akimtaja wakala aliyemkatia bima kuwa ni mwizi na kuwaonya wenziwe wasifanye naye biashara. Wakala huyo ni mume wa binamu yake. Nikamwomba aiweke simu kando kwanza, tuusome mkataba pamoja. Nilifanya kazi ya ukarani katika afisi ya bima kwa miaka kadhaa kabla sijaolewa, na barua za namna hii nimezipiga chapa mwenyewe nisizoweza kuzihesabu. Mimi pia ninajua jinsi zinavyomchoma anayezipokea.

Neno lililomkera katika barua ile ni eksesi. Wenye bima wa Kenya wote hulitumia neno hilo, mawakala hulitamka kwa haraka kana kwamba kila mtu alizaliwa analijua, nalo halipo katika mazungumzo ya kawaida ya nyumbani kwetu. Maana yake ni nyepesi. Eksesi ni kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mwenye gari hukibeba yeye mwenyewe, na kampuni huanza kulipa pale kinapoishia. Hasara ikiwa ndogo kuliko kiasi hicho, kampuni hailipi kitu. Ikiwa kubwa, kampuni hulipa kilichobaki baada ya kuondoa fungu lako. Fungu hilo huwa limeandikwa katika mkataba tangu siku ya kwanza. Si faini, wala si ada mpya iliyozuliwa baada ya ajali.

Tukaufungua mkataba. Umeandikwa kwa Kiingereza kizito na kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, na hapa sina budi kusema wazi kwamba hii ni dhulma ya kimya wanayofanyiwa wateja wa pwani hii na kwingineko nchini. Mtu hutia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Ukurasa wa nne tukakuta jedwali la eksesi. Nilimfasiria mstari kwa mstari, naye akaandika nyuma ya ile bahasha.

Mstari wa kwanza ulihusu hasara ya gari lake mwenyewe. Eksesi ilikuwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na isipungue shilingi 15,000. Hapa ndipo wengi hukosea. Asilimia hiyo haihesabiwi kwa gharama ya matengenezo, bali kwa thamani ya gari zima kama ilivyoandikwa katika bima. Gari lake lilikatiwa bima kwa shilingi 800,000, na asilimia 2.5 ya hizo ni 20,000. Lau lingekuwa la 500,000, asilimia 2.5 ingekuwa 12,500, nayo kwa kuwa ni chini ya kima kilichowekwa, angetozwa 15,000. Kwa hiyo aliyepasua taa na aliyevunja nusu ya gari, ikiwa magari yao yana thamani moja na mkataba mmoja, eksesi yao ni ile ile.

Mstari wa pili ulihusu dereva mchanga. Mkataba ule unamhesabu kuwa dereva mchanga yeyote aliye chini ya miaka 25, au mwenye leseni isiyotimiza miaka miwili. Akiwa yeye ndiye aliyeshika usukani, huongezwa shilingi 10,000 juu ya eksesi ya kawaida. Kijana wetu aliingia kwa milango yote miwili. Basi 20,000 na 10,000 zikawa 30,000, na katika zile 62,000 za gereji kampuni ikabakiwa na 32,000 za kulipa.

Mstari wa tatu ulihusu mali ya mtu mwingine, yaani ile tuktuk. Eksesi yake ilikuwa shilingi 7,500. Katika 18,000, kampuni ilipe 10,500. Ukijumlisha 30,000 na 7,500 unapata 37,500, shilingi kwa shilingi kama barua ilivyosema.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza swali ambalo nadhani kila msomaji angeliuliza: "Na kwa nini waweke fungu hilo? Mimi si nimelipa ada yangu?"

Sababu ni mbili, na zote zina mantiki hata kama hazipendezi. Kwanza, kila dai lina gharama zake: mkadiriaji wa hasara huenda gereji kulitazama gari, karani hufungua faili, barua huandikwa, hundi hutiwa sahihi. Kampuni ikilazimika kufanya hayo kwa kila mkwaruzo wa shilingi 3,000, gharama ya karatasi itazidi mkwaruzo wenyewe, na ada za wote zitapanda. Pili ni tabia ya binadamu. Mtu asiyepoteza chochote gari likigongwa huenda akawa mwepesi wa kuliegesha popote na kumpa ufunguo yeyote. Akijua kuwa shilingi 20,000 za mwanzo ni zake, atafikiri mara mbili. Jirani yangu alitabasamu kidogo hapo, kwani alikumbuka kwamba kijana alipoomba ufunguo siku ile ya mvua, alimrushia bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari aliyokuwa akiyasahihisha.

Eksesi na ada ni kama bembea mbili za ubao mmoja. Fungu lako likiwa kubwa, ada huweza kushuka. Likiwa dogo, ada hupanda. Yeye alilipa asilimia 5 ya thamani ya gari, yaani shilingi 40,000. Juu yake kulikuwa na tozo za serikali ambazo kila mwenye bima hulipa: asilimia 0.2 ya mafunzo ya bima, ambayo ni 80, asilimia 0.25 ya hazina ya kuwalinda wenye bima kampuni inapofilisika, ambayo ni 100. Na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Jumla ikawa 40,220. Viwango vya ada na vya eksesi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo usichukue tarakimu za jirani yangu ukazifanya zako. Fungua mkataba wako.

Sasa nakuja katika jambo lililogeuza mazungumzo yetu. Nilimuuliza, "Je, wakala hakukutajia kinga ya eksesi?" Akasema hakumtajia kitu. Nikamweleza kwamba kampuni nyingi huuza nyongeza ndogo ambayo mtu akiilipia, kampuni hubeba lile fungu la kwanza badala yake. Akashikilia kuwa hajawahi kusikia neno hilo. Basi akachukua simu ili anionyeshe mazungumzo yake na shemejiye, akapandisha juu ujumbe baada ya ujumbe, mpaka akafika mwezi aliohuisha bima. Pale palikuwa na maneno ya wakala: "Shemeji, tuongeze kinga ya eksesi? Ni 5,000 tu." Na chini yake jibu lake mwenyewe: "Punguza kila kinachopunguzika, mwezi huu nina karo."

Hakusema neno. Aliufuta ule ujumbe aliokuwa amewaandikia kina mama, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

Kwa insafu, sitamwondolea wakala lawama zote. Kumwandikia mtu maneno matatu kuhusu jambo asilolijua si kumweleza. Ilimpasa aseme: shemeji, ukigongwa bila kinga hii, shilingi 20,000 za mwanzo ni zako, na kijana wako akiwa ndiye dereva ni 30,000. Lau angesema hivyo, nina yakini mwalimu yule angezitafuta hizo 5,000. Lakini baina ya uzembe wa maneno na wizi pana masafa marefu, na heshima ya mtu ikishavunjwa mbele ya kina mama 200 haiungiki kwa radhi ya siku ya pili.

Na wewe unayeazimia kuinunua kinga hiyo, uliza inafunika nini hasa. Zipo zinazofunika eksesi ya hasara ya gari lako peke yake, zikaiacha ile ya dereva mchanga na ile ya wizi. Katika mkataba wa jirani yangu, kwa mfano, kinga ingemwondolea zile 20,000 tu. Zile 10,000 za kijana na 7,500 za tuktuk angezilipa vilevile.

Wizi nimeutaja, na unastahili maelezo, kwa sababu ndipo eksesi inapouma zaidi. Gari likiibwa, mikataba mingi nchini hukata asilimia 10 ya thamani ikiwa gari lilifungwa kifaa cha kuzuia wizi au cha kulifuatilia, na asilimia 20 ikiwa halikufungwa. Kwa gari la shilingi 800,000, tofauti ni kati ya kukatwa 80,000 na kukatwa 160,000. Gharama ya kifaa ni ndogo sana mbele ya tofauti hiyo. Nimewahi kuona mtu aliyekuwa na kifaa ndani ya gari lakini hakumpelekea wakala cheti chake. Dai lake lilihesabiwa kama la asiyekuwa nacho. Ukifunga kifaa, peleka cheti, na udai risiti kwamba kimepokewa.

Jirani yangu aliuliza pia kuhusu lawama. Je, lau tuktuk ndiyo iliyomgonga mwanawe, angelipa eksesi? Jawabu ni ndiyo, mwanzoni. Kampuni yako haitazami nani mwenye makosa inapokata eksesi. Ni makubaliano kati yako na kampuni, na mtu wa nje hayumo. Lakini ikiwa kosa ni la mwingine, una haki ya kumdai yeye, au kampuni yake ya bima, akurejeshee lile fungu ulilolitoa. Kampuni yako nayo hudai kile ilicholipa. Ndiyo maana mtu asidharau kwenda kituo cha polisi, kuandikisha ajali na kuchukua ile karatasi iitwayo abstrakti. Chukua nambari ya gari la pili, jina la dereva na kampuni iliyomkatia bima, na upige picha kabla magari hayajaondolewa. Bila hayo, haki yako itabaki maneno matupu.

Katika jambo hilo hilo, nawaonya wale wanaopenda kuyamaliza mambo barabarani. Ni tabia yetu njema kusuluhishana, na aghalabu pana wazee waliosimama pembeni wenye hamu ya kusuluhisha. Hata hivyo mikataba ya bima humkataza mwenye gari kukiri kosa au kuahidi malipo kabla ya kuiarifu kampuni. Umpe mwenye tuktuk 5,000 leo, kesho arudi na wakili akidai shingo inamuuma, na kampuni ikwambie kuwa hukuiarifu. Omba radhi kwa lugha nzuri, hakikisha hakuna aliyeumia, kisha toa habari kwa kampuni siku hiyo hiyo hata kama hukusudii kudai chochote.

Naam, kuna nyakati ambapo si busara kudai. Tuseme gereji imekadiria 24,000 na eksesi yako ni 20,000. Kampuni itakulipa 4,000. Lakini kampuni kadhaa humpa mteja asiyedai punguzo la ada mwaka unaofuata, na ukidai, punguzo hilo huondoka. Likiwa ni asilimia 10 ya ada ya 40,000, umepoteza 4,000 zile zile ulizopata, pamoja na siku zako ulizokwenda na kurudi afisini. Afadhali ulipe fundi wako wa bodi, ukapate na punguzo la rangi. Ama kioo cha mbele, hicho mara nyingi huwa na kifungu chake peke yake, chenye kikomo kama 30,000 au 50,000, na mikataba mingi haitozi eksesi juu yake. Nimewaona watu waliolipa vioo kwa fedha zao kwa miaka bila kujua kwamba walikuwa wameshavilipia.

Sitaki kurefusha kuhusu ile bima ndogo ya mtu wa tatu. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, humlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya majeraha na vifo vya watu wengine barabarani, na basi. Gari lako mwenyewe halimo, kwa hiyo likigongeka hasara yote ni fungu lako. Anayelalamikia eksesi ya 20,000 akaamua kuhamia bima ndogo amekimbia mvua akaingia kisimani.

Jambo moja nilimwonya jirani yangu kwa ukali, kwa kuwa wazazi wawili wa mtaani walikuwa wamemwomba awachukulie watoto wao kwenda shule kwa malipo ya mwezi. Gari lake limekatiwa bima ya matumizi ya binafsi. Kubeba abiria kwa ujira ni matumizi mengine, na ajali ikitokea katika safari hiyo kampuni inaweza kukataa dai lote. Hapo hakuna eksesi ya kuzungumzia; kila shilingi itakuwa yako, na watoto wa watu wamo ndani. Akitaka kufanya kazi hiyo, abadilishe bima kwanza.

Baadhi ya kina mama wameniuliza mara kwa mara ikiwa takafuli ina eksesi. Wanaouliza wanajua kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, liliamua kuwa bima ya kibiashara yenye ada maalumu haifai kwa sababu ya gharari iliyomo ndani yake, na likahimiza bima ya kushirikiana. Huku kwetu kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza kazi mwaka 2011. Katika takafuli washiriki huchangia hazina moja kwa nia ya tabarrui, wanaopatwa na msiba husaidiwa kutoka humo, na ziada ikipatikana huweza kugawiwa washiriki. Eksesi imo huko pia, na kwa maoni yangu huko ndiko inakoeleweka kwa urahisi zaidi. Hazina ni yenu nyote. Ukiichotea shilingi 3,000 za mkwaruzo ulioufanya ukutani mwako, umechota katika mchango wa mjane mwingine wa Malindi au Lamu. Hukumu zaidi ya hapo ni za masheikh, nami nawaachia.

Turudi kwa mwalimu wetu. Tatizo lake halikuwa la kuelewa tu. Gari lilikuwa gereji na fedha hakuwa nazo. Wengi hudhani eksesi hukatwa katika hundi. Huwa hivyo kampuni inapokulipa wewe taslimu. Lakini gari likitengenezwa na gereji iliyoteuliwa na kampuni, wewe humlipa mwenye gereji fungu lako kabla hajakupa ufunguo, na kampuni humlipa salio. Kwa hiyo usipokuwa nalo, gari hukaa pale, na wapo wenye gereji wanaotoza ada ya kuegesha kila siku inayopita. Nilimshauri ampigie shemejiye, amwombe azungumze na gereji wapokee kwa mafungu mawili. Simu ile ilikuwa nzito kwake kuliko deni lenyewe, maana saa moja nyuma alikuwa akimwita mwizi, ingawa mwenyewe hakujua. Alipiga. Wakala akakubali, na gereji ikakubali: 20,000 kwanza, 10,000 baada ya mwezi. Zile 7,500 za tuktuk kampuni ilizitaka mara moja.

Fungu la kwanza lilitoka katika chama chao cha walimu, kwa mkopo usio na riba. Zile 10,000 za dereva mchanga kijana alizichukua juu yake. Alikuja kwangu siku ya Ijumaa, amevaa kanzu, akaniambia, "Shangazi, mama ameniambia nisishike ufunguo mpaka nizilipe." Sasa huamka alfajiri kumsaidia ami yake kushusha magunia katika soko la Kongowea. Karo ya binti haikuguswa.

Katika chama kile wamekubaliana jambo ambalo nimelipenda. Kila mwenye gari huweka shilingi 2,500 kwa mwezi katika bahasha yenye jina lake, na haitolewi isipokuwa kwa ajali. Kwa mwaka ni 30,000, inayotosha eksesi za wengi wao. Asiyepata ajali huipeleka mbele mwaka unaofuata, au huitumia kulipa ada. Wako ambao kwa bahasha hiyo wameona hawana haja ya kununua kinga. Wengine wamechukua vyote viwili. Mimi ningewaambia wenye vijana wa kuendesha wachukue vyote viwili, lakini huo ni moyo wangu wa woga.

Ikiwa kampuni imekukata eksesi ambayo haimo katika mkataba, au imekaa na dai lako bila jawabu, unaweza kuandika malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ile ijulikanayo kwa herufi IRA, ambayo ina kitengo cha kuwasikiliza wateja bila malipo. Andika kwanza kwa kampuni, weka nakala ya kila karatasi, na utaje ukurasa wa mkataba unaoutegemea. Malalamiko yasemayo "nimedhulumiwa" hayafiki mbali kama yasemayo "ukurasa wa nne unasema asilimia 2.5, nanyi mmekata 5".

Bima ya jirani yangu huisha mwisho wa mwezi huu. Shemejiye alikuja juzi jioni na karatasi za kuihuisha, nami nikaitwa nishuhudie. Kahawa ilikuwa tayari na mahamri yalikuwa mezani. Mwalimu akamsogezea mkataba, akaufungua ukurasa wa nne, akamwambia, "Shemeji, nisomee huu wote kwa Kiswahili, ndipo tunywe." Akasoma mpaka mwisho, jasho likimtoka, kahawa ikapoa, na ilibidi itiwe moto tena.